Fatuma Niliyemkadiria Thelathini

Mimi ndiye mwalimu wa uchumi niliyejigamba chuoni kwetu Garissa kwamba sikosei kukadiria alama. Baada ya mtihani wa majaribio nilitazama alama za daftari langu, nikamkadiria Fatuma thelathini kwa mia, nikampangia lengo la arobaini. Baba yake, mfugaji wa Hadado, akaja kuuliza.

“Wallahi mwalimu, niambie ukweli.”

“Mzee, binti yako hatapita,” nikamjibu kwa kiburi cha hakimu.

Akaondoka na binti yake siku hiyohiyo. Baadaye tukasikia ameozwa.

Jana, mbele ya walimu wote, mkuu wa chuo aliinua karatasi za majaribio zilizokwisha kusahihishwa. “Fatuma wa Hadado ana themanini na mbili. Mbona haonekani darasani?”

Nikafungua daftari. Thelathini ilikuwa ya Fatuma mwingine, aliyeandikwa mstari wa chini yake.

“Mwalimu, nakuuliza wewe.”