Kura ya Ijumaa

Afadhali mnisikie mimi kabla majirani hawajawafikia. Mwalimu Muhonja wa chekechea yetu hapa Shinyalu aliniambia langoni, "Baba Imali, Ijumaa kuna kura ya wazazi. Usikose."

Kwetu l na r hubadilishana viti bila kuomba ruhusa. Mimi, mwenye digrii ya isimu, nikasikia uchaguzi wa kamati. Uenyekiti niliutamani sana, maana watoto hukaririshwa herufi kutwa, na binti yangu Imali alikuwa amesahau kucheza. Usingizi ulinihama wiki nzima.

Ijumaa nilivaa suti, nikasimama mbele ya wazazi wenzangu bila kutazama mikononi mwao, nikanguruma: "Shule hii haijui mchezo! Nipeni kura!"

Kila mzazi alikuwa ameshika kisahani cha ugali wa matope, obusuma yetu, na mboga ya majani ya mpera, mapishi ya watoto wao.

"Ni mchezo wetu mpya, wa jikoni," mwalimu akasema. "Nilikuambia kura." Akaonyesha mdomo wake. "Kura!"

Imali akanivuta koti. "Baba, kaa chini ukule. Obusuma inapoa."