Pampu Iliyokataa Kuhama

Nina shahada mbili, na zote mbili zilikuwepo siku niliyoiharibu pampu ya dada yangu.

Dada yangu mkubwa anafuga mbuzi upande wa Lopur, huku Turkana, si mbali na Kakuma. Mimi naishi Lodwar, nikihariri ripoti za watu wengine na kuandika makala, kazi ambayo dada huwaeleza wageni kwa kusema nimeajiriwa kukaa. Huniita karani, na si kwa heshima. Wakati wa kiangazi maji ya mbuzi wake hutoka kwenye visima vinavyochimbwa kwa mikono katika mchanga wa mto uliokauka. Kisima kikienda chini sana, watu husimama ndani yake, mmoja juu ya mwingine, wakipokezana karai hadi juu. Miaka michache iliyopita ukuta wa kisima ulimporomokea, ukamvunja nyonga. Tangu hapo hashuki. Walishuka binti zake wawili, na kila waliposhuka yeye alikaa ukingoni akiwaita kwa zamu, huyu kisha yule, na hakutulia hadi wote wawili waitike.

Ndiyo maana tulinunua pampu. Ilikuwa ndogo, ya sola, punda mmoja anaibeba pamoja na paneli zake. Dada aliuza mbuzi, nami nikaongeza changu, tukalipa yote siku hiyo hiyo na kupewa risiti. Naitaja risiti kwa sababu bado naihifadhi, na kila nikiiona napandwa na hasira upya.

Fomu ya usajili ilikuwa ya Kiingereza, kwenye simu, kwa hiyo ikaniangukia mimi msomi. Iliuliza mahali pa kudumu ambapo kifaa kitatumika. Dada akataka kujua imeandikwa nini. Nikamweleza.

"Mahali pa kudumu pa nani?"

"Pa pampu."

"Na mbuzi?"

"Mbuzi hawajaulizwa."

Akacheka, nami nikacheka. Kisha nikaikuza ramani kwa vidole viwili hadi nikauona mkunjo wa mto ulio karibu na kisima chake, nikaweka alama pale pale, kwa umakini wa mtu anayesahihisha insha. Mfugaji yeyote asiyejua kusoma angeniambia kwamba swali lile halina jibu. Mimi nililijibu, tena vizuri.

Kwa miezi kadhaa pampu ilifanya kazi bila kelele. Binti wale wakaacha kushuka kisimani. Halafu mvua ikakosekana, kisima cha Lopur kikatoa tope, kisha mchanga mtupu, na dada akafanya kile ambacho watu wetu hufanya: akafunga vyombo, akapakia punda, akahamia upande wa juu wa mto, mwendo wa siku mbili, ambako majani yalikuwa bado yapo. Pampu ilipakiwa pamoja na sufuria. Walichimba kisima kipya, wakateremsha mpira wa maji, wakazielekeza paneli juani. Kisanduku kinachoiendesha pampu kikawasha taa nyekundu, na mota haikuzunguka.

Nilipopata habari nilidhani ni waya. Nikaenda kwa pikipiki, nikakagua kila waya kwa uso wa mtu anayejua, nikaipiga paneli kofi. Hapo elimu yangu ikaisha. Nikapanda kilima kutafuta mtandao, nikaipigia kampuni, ambayo iko Nairobi. Aliyepokea alikuwa na adabu nyingi.

"Mzee, kifaa hakina hitilafu. Kimejifunga tu. Kimetoka nje ya eneo lililosajiliwa."

"Kimejuaje?"

"Kinapokea ishara za setilaiti. Ni kwa usalama wako. Kikiibwa, mwizi hawezi kukitumia."

"Hakijaibwa. Kiko na mwenyewe."

"Nani aliidhinisha kihamishwe?"

"Kiangazi."

Nikamsikia akipiga vitufe. "Hilo halimo kwenye orodha ya sababu," akasema. Kubadilisha eneo, akanieleza, kunahitaji fundi wao aje athibitishe kwa macho, na ratiba ya Turkana ilikuwa bado haijapangwa. "Lakini mzee unaweza kukirudisha pale kiliposajiliwa. Kitafunguka chenyewe."

"Pale hakuna maji."

"Naelewa, mzee. Lakini pale kitafanya kazi."

Mimi huishi kwa kusahihisha sentensi za watu. Ile sikuweza kuigusa. Haikuwa na kosa lolote.

Niliporudi kambini kwa dada, binti walikuwa wameshashuka tena kisimani. Sikumwambia dada yote. Nilimwambia pampu inadhani imeibwa.

"Na nani?"

"Na wewe."

Akaigeukia pampu. "Uliiandikia nini, karani?"

Nilirudi Lodwar nikausoma mkataba, ule niliokuwa nimeukubali kwa kidole kimoja bila kuufungua. Ulikuwa mrefu kuliko tasnifu yangu, na uliandikwa vizuri zaidi. Risiti inasema tulinunua pampu. Mkataba unasema tumeruhusiwa kuitumia. Vyuma ni vyetu, jua ni la wote, lakini programu iliyo ndani ya kisanduku, ile inayoamka kwanza na kuiambia mota izunguke au isizunguke, imebaki mali yao, nayo imefungwa kwa kufuli ya kidijitali. Kuifungua au kuibadilisha ni kuvunja haki zao. Haki za dada yangu nilizitafuta hadi ukurasa wa mwisho. Ana haki ya kupiga simu saa za kazi.

Huku kwetu kisima kina mwenyewe. Aliyekichimba hufunika mdomo wake kwa matawi ya miiba, na mpita njia akiikuta miiba hiyo anajua kwamba lazima aombe. Anaweza kunyimwa. Dada yangu amewanyima watu mbele yangu, kwa maneno nisiyoweza kuyaandika hapa. Lakini anayenyima yuko pale, ana uso, anaweza kubembelezwa na kuona aibu, na anajua kwamba mwakani huenda akawa yeye anayeomba. Sina ugomvi na miiba. Ugomvi wangu ni na mtu anayekuuzia kisima, akapokea mbuzi wako, akaondoka, akiwa ameacha ndani yake mwiba usiouona, unaochoma siku utakapofanya jambo ambalo yeye, ofisini kwake, hakuwahi kufikiri kwamba binadamu hulifanya. Na wanauita usalama.

Siku ya sita tangu nirudi Lodwar, dada alinipigia. Mchanga wa kisima kipya ulikuwa umemshukia binti yake mdogo hadi kiunoni. Walimtoa kwa kamba. Amechubuka tu, alisema. Alilisema mara tatu. Afadhali angenitukana.

Kesho yake nilikifuata kisanduku kule juu ya mto, nikakichukua, nikakipeleka Kakuma, ndani ya kambi ya wakimbizi, kwa fundi mmoja kutoka Sudan Kusini ambaye hutengeneza simu, redio na chochote chenye waya. Ni mtu wa makamo kama mimi, ila mikono yake ina faida. Kiswahili amejifunzia kambini. Alikifungua kisanduku, akapimapima, akatuagizia chai kama mtu anayejiandaa kutoa habari za mgonjwa.

"Ustaz, hii si mbovu. Iko na afya kuliko wewe. Wamekataza yeye kutoka tu."

Nikamweleza habari ya Lopur, ramani na alama yangu. Akaitazama taa nyekundu, akachekea puani.

"Hii mimi naijua. Mimi pia niko na eneo yangu. Nikitaka kwenda Lodwar, natafuta karatasi. Bila karatasi, barabarani, taa nyekundu."

Aliendelea kukoroga chai yake. Nilikuwa nimefika pale kwa pikipiki na hakuna mtu aliyeniuliza nakwenda wapi.

Alijaribu kuingiza programu nyingine kwenye kisanduku. Kikaikataa, kwa sababu haikuwa na sahihi ya kampuni. Akajaribu tena kwa njia nyingine, kikaikataa tena. Basi akachukua bisibisi, akaing'oa kadi nzima yenye akili ya kisanduku, akaiweka mezani, na mahali pake akafunga kadi yake ndogo yenye programu huria. Hiyo, alinieleza, imeandikwa na watu wa nchi nyingi wasiojuana, wakaiweka wazi ili kila mtu aisome, aitumie na airekebishe. Alinionyesha kwenye kompyuta. Sikuelewa mistari ile, lakini niliona kwamba hakuna mstari uliofichwa. Akashuka chini kidogo, akaweka kidole.

"Hii ni yangu. Ilikuwa inazima mota joto ikipanda. Wameandika wakikaa kwa baridi. Nikatengeneza ya Kakuma, nikawatumia, wakakubali."

"Kwa hiyo inatumika kwingine?"

"Kila mahali kwenye jua kali. Imeenda mbali kuliko mimi."

Kisha mimi, mwenye shahada mbili na hasira ya wiki nzima, nikauliza swali ambalo bado linanitia haya. Niliuliza kama ni halali.

Fundi aliniangalia. "Ustaz, uko na risiti?"

"Ninayo."

"Basi."

Nikakirudisha kisanduku kwa dada, na mchana wa siku iliyofuata mota ilizunguka. Maji yalitoka yakiwa na mchanga, kisha yakatakata, na mbuzi wakasukumana kwenye hori. Binti mkubwa aliikunja kamba ya kushukia. Dada hakunishukuru. Aliniambia niondoke mbele ya mbuzi.

Kampuni haijanisahau. Hunitumia ujumbe kwamba kifaa changu hakionekani, na kwamba dhamana yake itafutwa nisipokirudisha kwenye eneo lililosajiliwa. Ujumbe huanza kwa kuniita mteja mpendwa. Sijawahi kuujibu, ingawa nimeandika majibu mengi, mengine mazuri sana, na hasira yangu haijapungua kwa sababu mota moja inazunguka. Visanduku vya aina ile viko kwa majirani, na vingine vinaenda kuuzwa hadi Namoruputh, mpakani, kwa watu ambao watahama.

Majuzi nilimkuta dada akifunga mizigo tena. Majani yalikuwa yamekwisha. Alikuwa ameshaipakia pampu, na sasa alikuwa akikaza kamba tumboni mwa punda.

"Karani, hii akili mpya inajua tunakwenda wapi?"

"Haijui."

"Na yule wa Nairobi?"

"Hajui."

Akaivuta kamba mara ya mwisho, akaijaribu kwa mkono.

"Basi leo usiandike kitu."