Majani Ambayo Mama Mwanvua Hataki Yafyekwe

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mtaani Dilala. Baridi ya Juni inauma, na Mwanvua Alimasi amechutama kati ya kabichi zake, anageuza jani moja baada ya jingine. Viwavi anawatupa ndani ya kopo la maji ya sabuni. Vidukari, wale wadudu wadogo wa kijivu wanaofyonza majani, anawatazama tu, kisha anawaacha.

Leo ni Jumamosi, siku ya salongo, kazi ya lazima ya kusafisha mtaa. Saa tatu mkuu wa mtaa, Citoyen Kisimba, atapita na watu wenye mapanga kufyeka kila jani refu, eti ni maficho ya mbu. Na kando ya kabichi za Mwanvua kuna ukanda wa kishona nguo, gugu ambalo mbegu zake hunasa kwenye nguo, unaofika magotini. Hataki uguswe.

Asidhaniwe mvivu. Mama huyu wa miaka arobaini na mmoja, mzaliwa wa Kasongo, huuza mboga sokoni Manika siku tano kwa juma. Tangu lori la mumewe, Bilali, liwekwe juu ya mawe kusubiri kipuri, nyumba ya watu saba inategemea kabichi hizo sitini.

Mwaka jana, 1975, alikuwa wa kwanza kufyeka. Kiwanja kiling'aa hadi Kisimba akamsifu mbele ya mtaa mzima. Wiki tatu baadaye vidukari walifunika kabichi. Kati ya sitini, aliuza tisa.

"Nilitia majivu, nilitia sabuni. Bidudu bilikuwa binarudi tu," anasema. "Nililia, sifichi."

Mwaka huu aliona kwenye kishona nguo vidudu vyeusi vyenye miba, ambavyo zamani alivisaga kwa kidole bila kuuliza. Safari hii aliuliza, kwa njia yake. Alifunika kimoja kwa glasi, pamoja na jani lenye vidukari ishirini na sita. Jioni walibaki wanne. Siku chache baadaye kidudu kilijibandika kwenye jani, na ndani yake akatoka mdudu mwekundu, mviringo, mwenye madoa, yule aliyezoea kumwona akila vidukari.

"Kumbe njo ule ule," anasema. "Mi nilikuwa naua balinzi bangu mwenyewe, na kufyeka nyumba yabo."

Kisimba anafika, panga begani.

"Mama Mwanvua, hii majani ni ya nini? Mwaka jana lupango yako, kiwanja yote, ilikuwa muzuri."

"Tata chef, mwaka jana mulinisifu, na batoto balilala njaa. Muiname kwanza, muangalie."

Kisimba anainama. Kidudu cheusi kinatembea juu ya jani, kinamkamata kidukari, kinamla. Mkuu wa mtaa anapiga goti aone vizuri, suruali yake iliyopigwa pasi ikigusa udongo.

"Inakula kweli," anasema. "Na mbu je?"

"Mbu inataka maji, tata. Hapa maji iko wapi?"

Kisimba anajikuna kidevu. "Nakuachia mpaka Jumamosi ya kuya. Nikikuta mashu, hii kabichi yako, inaliwa, utakata weye mwenyewe."

Wanaondoka. Mwanvua ana siku saba. Kabichi zikifunga vichwa vizuri, anapanga kuwashawishi majirani wote waache ukanda wa majani wa hatua moja bila kuufyeka. Zisipofunga, hajui watakula nini.

"Kila siku namuomba Mungu," anasema, akirudi kuchutama. "Namuomba tu hii bidudu nyeusi ikuwe na njaa."