Mlima Usio na Mstari

Mlima ulio juu ya boma letu, upande wa Ekerenyo, uliungua Januari, mchana kweupe. Mrina asali alikuwa akifukuza nyuki kwa moshi, nyasi zilikuwa kavu, upepo ukamaliza kazi. Sisi tulikuwa tukichuma majani chai. Tuliuona moshi, tukasema kuna mtu anachoma makaa, tukaendelea kuchuma. Kufikia jioni mlima wote ulikuwa mweusi na hakuna aliyelia. Mlima ule ni wa serikali, na mali ya serikali ikiungua watu wetu husimama wakatazama.

Kilio kilikuja baadaye. Chini ya mlima, kwenye migomba, kuna chemchemi ambako maboma kadhaa huteka maji. Mvua ziliponyesha, udongo ulioachwa uchi ukashuka na majivu yake, maji yakawa uji. Kiangazi kilichofuata hayakuwa uji wala maji. Chemchemi ilikauka, tukaanza kushuka mtoni na jerikeni na kupanda nazo, na yeyote anayezijua njia za huku anajua kupanda huko ni nini.

Shemeji yangu, anayefanya kazi mjini Kisii na kuishi Kiogoro, alikuja kumchukua mama mkwe. Kwake kuna mfereji wa maji ndani ya nyumba. Alisema mama hawezi kuzeeka akioga kwa kikombe. Mama mkwe alimsikiliza hadi mwisho, akamwekea chai, kisha akamjibu.

"Nilipoletwa hapa nikiwa bibi arusi, nilionyeshwa maji yale kabla sijaonyeshwa jiko. Nitayangoja hapa hapa."

Shemeji alisema atangoja masika mawili, na yakipita maji hayajarudi, atamchukua apende asipende. Mume wangu alikubaliana naye. Mimi sikuulizwa, ingawa maji ya huyo mama nilikuwa nikiyabeba mimi, kwa mgongo wangu. Ukweli ni kwamba sikutaka aende. Ana ulimi mkali na mimi pia ninao, na boma lenye ulimi mmoja tu lingenichosha.

Afisa wa misitu alileta miche. Mara ya kwanza alikuja Jumamosi, akakuta nusu ya kijiji wako Sabato. Akarudi Jumapili, akawakosa Wakatoliki. Jumatatu ndipo alipowapata wanaume, akawaachia miche, akaenda zake akiwa ameridhika. Maskini, hakuwa mtu wa huku.

Kwetu mistari ya miti si miti. Mashamba yamegawiwa wana na wajukuu mpaka yamekuwa membamba kama mkanda, na mwanamume akinyoosha kamba akapanda mti, mti, mti, anachosema ni kimoja tu: hapa pangu. Kila mwanamume alipanda miche mlimani, mkabala na shamba lake mwenyewe, kwa kamba iliyonyooka. Na kila mmoja alipotazama mstari wa jirani aliona umepinda kidogo kuelekea kwake. Ndani ya wiki chache miche ilikuwa imeng'olewa, tena bila kujificha. Mtu alisimama mlimani akang'oa, mwenzake akimtazama, kisha mwenzake naye akapanda mlimani kung'oa ya yule wa kwanza. Miche ikaletwa tena msimu uliofuata, ikang'olewa tena. Ajabu ya Firauni: watu wana kiu, na wanang'oa maji yao kwa mikono.

Masika ya kwanza ya shemeji yalikuwa yamepita hivyo.

Afisa akaitisha baraza, akasema miche anayoleta sasa ndiyo ya mwisho. Wazee wakaanza kubishana nani apewe sehemu gani. Mama mkwe, aliyekuwa amekaa nyuma kwenye nyasi, aliinuka kwa fimbo yake.

"Mti uliopandwa na mwanamke haumwekei mtu mpaka," alisema. "Tuachieni sisi."

Wazee walicheka, halafu wakaacha kucheka, wakakubali. Ni kweli. Kwa desturi yetu mwanamke hana ardhi, kwa hiyo akipanda mti hajadai kitu. Ni kama kuku amechakura hapo.

Nilirudi nyumbani nimevimba kwa hasira. Tangu niolewe nimepanda chai, ndizi, viazi, nimepanda hata ua unaozunguka boma, na kumbe vyote hivyo nimepanda hewani. Nilimwambia mama mkwe kwamba ametudharau mbele ya watu. Hakukana. Aliniambia nikasirike nitakavyo, ila kesho nije na jembe.

Alikaa chini kando ya chemchemi iliyokauka, akichovya mizizi ya miche kwenye tope na kutupangia kwenye karai: mikuyu, mitembe yenye maua mekundu, na mingine ambayo majina yake ya Kiswahili siyajui mpaka leo. Mikaratusi aliikataa kwa sababu inakunywa kama mlevi. Kamba pia alizikataa. Kila mwanamke atupe kijiwe nyuma ya bega lake, na pale kitakapoangukia ndipo achimbe. Tulijiona wajinga, wanawake wazima tukirusha mawe mgongoni na kuyafuata tukiwa tumeinama. Jiwe langu moja lilimpata jirani kwenye kiuno, akanitukana vizuri sana kwa Ekegusii, tukacheka mpaka tukakaa chini.

Hakuna mche hata mmoja uliong'olewa. Wanaume walipita katikati yake kama wanavyopita kwenye majani. Mingine ilikauka, tukarudishia. Mbuzi tuliwafunga. Nyasi zilirudi kwanza, kisha vichaka, kisha udongo ukaacha kushuka kila mvua inaponyesha.

Masika ya pili yalipita na chemchemi kavu. Shemeji akaja na gari. Mama mkwe alimpeleka chini kwenye migomba, akamwambia aweke kiganja kwenye jiwe la chemchemi. Jiwe lilikuwa na unyevu. Shemeji alipangusa kiganja kwenye suruali, akarudi Kiogoro peke yake. Kabla ya mwaka kuisha maji yalikuwa yakitiririka, membamba kama uzi, lakini safi. Kikombe cha kwanza nilimpa mama mkwe. Alikunywa akasema yana ladha ya tope, akaniomba kingine.

Maji yakirudi, wenyewe hutokea. Miti ilipopita kimo cha mtu, maafisa wa maji walitaka kujenga tangi, wakauliza kwenye baraza chemchemi iko kwenye ardhi ya nani. Mwenyekiti wa wazee, ambaye shamba lake linapakana na mlima, alisimama na kofia mkononi. Alisema miti ile aliipanda yeye na wanawe, na chemchemi iko chini ya miti yake, kwa hiyo tangi lijengwe ndani ya ua wake. Nilijua ua ule una kufuli.

Mama mkwe hakuinuka safari hii. Alisema akiwa amekaa, bila kupaza sauti.

"Mzee, tuonyeshe mstari wako."

Baraza lote liligeuka kuutazama mlima. Ulikuwa kijani kutoka chini hadi juu, miti imesimama ovyo ovyo, huku mitatu imesongamana, kule mmoja peke yake, na hakuna mahali popote ambapo miwili ilifuatana kama ambavyo mwanamume angeipanda. Mwenyekiti aliutazama, akavaa kofia yake, akakaa.

Wageni wakauliza, basi mlima umepandwa na nani. Wazee wakajibu kwa pamoja kwamba haukupandwa na mtu, ni wanawake tu, na baraza likacheka. Tangi likajengwa kando ya njia, mahali ambapo kila mtu anaweza kuteka.

Nilicheka siku ile kama wengine. Nilipofika nyumbani na jerikeni yangu imejaa, nililia.