Mtafuta Mafuta wa Chini ya Ziwa

Nakumbuka, mwanangu, siku ile tulikuwa wanne uani kwangu kijijini Mbuba: mimi mke wa Gervasi, niliyekuwa nimeolewa juzijuzi, mama mkwe wangu Anastazia, kaka yake Stefano aliyekuwa balozi wetu wa nyumba kumi, na Melkiori, mkimbizi wa Burundi aliyetoka kambini kuja kutulimia migomba, nasi tukimpa ndizi za watoto wake. Posho ya kambi, unajua, ilikuwa ikiisha kabla ya siku yake.

Juma lililotangulia nilikuwa nimemuuliza kwao alifanya kazi gani. Akasema, "Nilikuwa natafuta mafuta." Tulicheka, maana mafuta tuliyoyajua sisi ni ya kupikia. Akaeleza kwamba alipanda boti na wataalamu, wakapima Ziwa Tanganyika sehemu ambazo hakuna aliyewahi kuzipima. Wanapiga mshindo majini, unashuka mpaka kwenye matope yaliyolaliana tangu kale, tabaka juu ya tabaka, kama majani makavu chini ya migomba. Mwangwi ukirudi, wanauchora. Nikamuuliza, basi mliyapata? Akasema mwangwi unaonyesha tu mahali mafuta au gesi vinapoweza kujificha. Mpaka uchimbe, hujui.

Mimi niliyeishia darasa la pili nilishika neno moja tu: kutafuta mafuta. Kopo langu la mafuta ya kupikia lilipopotea jikoni, nilimwita balozi, nikasema mbele ya Melkiori, "Mtafutaji si huyu? Basi ameyapata."

Melkiori aliendelea kufuta jembe kwa jani. Balozi akasema ikithibitika, hakuna nyumba Mbuba itakayompa kazi tena. Nilijua watoto wake watalala njaa, na bado sikurudisha neno langu.

Mama mkwe aliinuka polepole, miguu ilikuwa ikimsumbua, akaenda kwenye mtumbwi wetu, lile gogo lililochongwa la kukamulia ndizi, akafunua majani, akatoa kopo. Alikuwa amelificha humo kwa sababu ya panya.

"Umesikia mwangwi, mwanangu," akaniambia, "ukasema umeona mafuta."

Nilipiga magoti nikamwomba Melkiori radhi. Akatabasamu kidogo. "Mama, ziwa lile tulilipima miezi na miezi, hatukuthubutu kusema yapo. Mimi umemaliza kunipima asubuhi moja." Kisha akarudi shambani kumalizia mstari wake. Tabasamu lile linanichoma mpaka leo.

Maji usiyoyafika hujui wingi wake, mwanangu, na mtu naye ni ziwa. Ukiona dalili, sema ni dalili, usiseme ni jambo lenyewe. Mgeni asiye na ndugu wa kumtetea, mpime kwa subira zaidi, maana neno lako moja linaweza kumfungia milango yote. Na ukikosea, piga magoti siku hiyohiyo.

Mungu akupe sikio lisilo na haraka, na jiko lako lisikose mafuta. Na mtoto wa Melkiori akiyasoma haya, akaona nimepotosha neno, anisahihishe. Sitaki kumkosea baba yake mara ya pili.