Mama Fidélie hasemi uongo juu ya kamera

Malori ya madini hayajaanza kupita, na huo ndio wakati anaoupenda Mama Fidélie Mukuna. Ananyunyiza maji kwenye sakafu ya sebule yake huko Kapata, nje ya mji wa Kolwezi, anafunga dirisha la upande wa barabara, kisha anatandika taulo jeupe mezani. Vumbi likishapanda, hafungui tena kamera ya mtu.

Juu ya taulo kuna kamera ya zamani ya filamu pana, ya aina ile ambayo mpigapicha huishika tumboni na kuitazama kwa juu. Anaitenganisha taratibu: lenzi, mwili, na magazini, yaani kisanduku cha nyuma kinachobeba filamu. Anamulika lenzi kwa tochi akitafuta ukungu. Anatazama vichwa vya skrubu. Vikiwa vimekwaruzwa, kuna mtu aliyeingia humo kabla yake. Mwisho anafyatua, sikio likiwa karibu, na kusikiliza mtambo wa ndani unavyojifunga.

Hiyo ndiyo kazi yake: kuthibitisha kwamba viungo vya kamera kuukuu ni halisi kabla havijauzwa wala kununuliwa. Aliijifunza akiwa msichana mjini, katika studio ya mzee aliyeitwa kwa heshima Tata Kalumba, sasa marehemu, ambako alianza kwa kuosha picha. Simu zilipoua studio, alirudi nyumbani kuuza mikate ya kukaanga. Kisha vijana wa Lubumbashi wakaanza kupenda filamu tena, na wanunuzi wakahitaji mtu wa kuwaambia kama kamera inayotoka Kolwezi ni nzima au ni maiti iliyopakwa rangi.

Kwa kila kamera hulipwa faranga elfu ishirini, iwe halisi au la. Ameamua hivyo makusudi, ili jibu lake lisiwe na bei. Miezi mingine huletewa nne, mingine hapati hata moja, na sufuria ya mikate hurudi jikoni.

Mgeni akifika humpa kiti kizuri, chenye mto, na yeye hukaa kwenye kigoda. Anasema hakuna mtu anayepaswa kupokea habari mbaya akiwa amesimama.

Mwezi wa nane, kiti hicho alikikalia Mama Rachelle Banza, mjane wa mpigapicha wa hapo hapo Kapata. Bati za nyumba yake zilikuwa zimetoboka, na mvua hazikuwa mbali. Alikuwa na kitu kimoja tu cha kuuza, kamera ya mumewe. Mnunuzi wa Lubumbashi alikuwa tayari kulipa vizuri, mradi kila kiungo kiwe kile ilichotoka nacho kiwandani.

Mama Fidélie alichomoa kiini cha magazini, kile kipande cha ndani ambacho filamu huzungushwa juu yake. Kiwandani, kiini huchongwa tarakimu za mwisho za namba ya kisanduku chake, ili visiachane. Hizi hazikufanana. Akazitazama tena kwa kioo cha kukuzia, halafu akaweka kioo chini.

"Mama, kamera ni ya kweli, na lenzi ni ya kweli," alimwambia. "Lakini ile kiini haiko yake. Iko ya mwingine."

"Marehemu bwana yangu hakukuwaka mwizi."

"Hakuna mutu anasema mwizi, mama."

Akamweleza jambo ambalo amelikuta katika nyumba nyingi za Kapata. Zamani, sikukuu ya Mtakatifu Barbara, msimamizi wa wachimba madini, kila familia ya kampuni ya madini ilitaka picha siku hiyo hiyo. Wapigapicha waliungana. Wake zao walikaa kivulini kwenye meza moja, wakijaza filamu katika viini vya wote, na mume aliyekuja mbio alichukua kilicho tayari. Jioni, kila mmoja alirudi na kiini, ila si lazima chake.

Mtu wa mbali hawezi kujua hayo. Kwake, namba zisizofanana ni dalili ya kamera iliyounganishwa kwa mabaki, na bei hushuka hadi theluthi.

Mama Rachelle alikuwa na shauri. Sokoni kuna wachonga funguo wanaoandika majina juu ya pete. Tarakimu chache zingewashinda?

"Batachonga," Mama Fidélie alikubali. "Lakini kesho mama mwingine wa hapa akileta kamera ya kweli, nani atamusadiki?"

Mama Rachelle alifunga kamera yake katika kitenge na kusimama. Mlangoni aligeuka. "Basi ukweli yako ndiyo itanikinga na mvua?"

Mama Fidélie anasema maneno hayo yalimuuma kwa sababu yalikuwa ya haki. Kesho yake alienda mwenyewe kwa mjane, akiwa na mikate ya moto, akamuuliza mumewe alikuwa anafanya kazi na nani siku za sikukuu. Mama Rachelle alipokea mikate bila kumkaribisha ndani, lakini jina alilitaja: Tharcisse Muamba.

Tata Tharcisse yuko bado, mwisho wa mistari ya nyumba za kampuni, na bado anapiga picha za komunyo ya kwanza kwa kamera yake ya zamani. Alifungua magazini mbele ya Mama Fidélie. Tarakimu za kiini chake zilikuwa za kisanduku cha marehemu Banza, na zile za kiini cha Banza zilikuwa za kisanduku chake. Walikuwa wamebebeana viini tangu wakati ule.

Ugumu ulibaki mmoja. Kiini alichonacho mzee kilizunguka laini kama siku ya kwanza. Kile cha mjane kilikuwa kimeota kutu sandukuni, na komunyo zilikuwa zimekaribia. Mama Fidélie hakumficha hata hilo.

Mzee alikizungusha kwa kidole, akacheka peke yake. "Batoto yote ya Kapata nilibapiga picha na kiini ya Banza. Kumbe alikuwa ananisaidia kazi, na mi sikumushukuru." Akakiweka mkononi mwa mgeni wake. "Mupelekee mama. Ya kwangu utanitengenezea."

Mama Fidélie alimtengenezea, kwa springi aliyoitoa katika magazini iliyokufa, na hakuchukua hata faranga. Kamera iliuzwa kwa bei yake kamili. Bati mpya zimeshapigiliwa, na Mama Rachelle alimpelekea Tata Tharcisse bukari, yaani ugali, na samaki, akakaa huko hadi mzee alipomaliza hadithi zote za mumewe.

Sasa Mama Fidélie ana mpango. Anataka kuweka meza katika uwanja wa parokia baada ya misa ya Jumapili, ili familia zilete magazini zao na viini virudi kwa wenyewe. Padri amekubali, kwa sharti kwamba hakuna atakayefyatua kamera wakati wa mahubiri.

Kazi ya kuwaambia wenye kamera kwamba kiini si chao imeombwa na Mama Rachelle. Ameshachagua kiti cha kuwakalisha, chenye mto.

"Mi nilikasirika wa kwanza, mbele yabo," anasema. "Bakasirike tu. Nitabangojea."