Siku Niliposahau I ya Kuchinjia

Jambo hili nilikusudia kufa nalo, lakini kwa kuwa nusu ya watu wa Marafa wanalijua na nusu nyingine wameliongezea chumvi yao, afadhali mlisikie kwangu mimi mwenye aibu yangu.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, nafundisha sekondari huku Gede, na mada ninayojivunia kuliko zote ni mofimu, yaani vile vipande vidogo kabisa vya neno ambavyo kila kimoja kina maana yake, na ukikikata tena hakibaki na kitu (wanafunzi husinzia, mimi huendelea). Basi mke wangu Zuhura alikuwa na mimba ya shida, nami nikaweka nadhiri kwamba akijifungua salama nitapeleka mbuzi kwenye chekechea moja kule mbele ya Marafa, achinjwe, watoto wale washibe.

Akajifungua salama, mtoto wa kike. Mwalimu wa chekechea hiyo, Bi Kadzo, akaniingiza kwenye kundi la wazazi la simu, ambako hakuna aliyenijua, tukapatana siku mimi na yeye, habari ya mbuzi wazazi nikawaambie mwenyewe. Asubuhi ya siku hiyo, mbuzi yuko ndani ya tenga nyuma ya pikipiki, mguu wangu mmoja uko juu tayari, nikaona si vibaya niwaarifu wazazi upesi, nikaandika na kutuma bila kurudia kusoma: "Wazazi, asalaam aleikum. Leo nakuja kuwachinja watoto wote wa chekechea. Kisu nimeshanoa. Tafadhali asiondoke hata mmoja kabla sijafika."

Njia nzima simu ililia mfukoni, ikanyamaza, ikalia tena. Nikajua ni shukrani, nikaendesha huku najichekea.

Nilipofika, uwanja ulikuwa kimya. Mlango wa darasa wazi, uji umemwagika kizingitini, viatu vidogo vimetapakaa ovyo kama miguu ilichomolewa kwa nguvu. Ndipo wakatoka wanaume nyuma ya jiko, na mapanga. Wakanizunguka.

"Ni wewe ulotuma ujumbe?" akauliza mmoja wao, mrefu, baadaye nikajua aitwa Karisa.

"Ni mimi," nikasema, na bado natabasamu. "Watoto wako wapi?"



Mmoja alikuwa ameshafungua mfuko wangu, akatoa kisu ndani ya gazeti. Karisa akainua simu yake, akanisomea ujumbe wangu polepole, na alipofika "kuwachinja watoto wote" nikasikia kwa mara ya kwanza nilichoandika. Mtu mwenye akili angenyoosha kidole kwa mbuzi, akanyamaza. Mimi nikafundisha.

"Ndugu zangu, nilitaka kusema kuwachinjia. Ni mofimu tu imedondoka."

"Mofimu ndiye nani?"

"Ni ndogo sana, hukaa kati ya..."

"Amedondoka wapi?" sauti ikauliza kwa nyuma, na kabla sijajibu mwingine akasema, "Wako wawili. Mwenziwe ameshukia njiani, yuaitwa Mofimu." Vijana wanne wakakimbilia vichakani kumsaka.

Wakanifunga mikono kwa kamba ya mbuzi. Jiwe la kwanza likapita karibu na sikio, nalisikia linavuma, na nilichowaza ni kwamba mwanangu hata jina hatujampa, na watamwambia babake alikufa akienda kuchinja watoto.

Bi Kadzo ndiye aliyeniokoa. Alikuwa ameenda Marafa kutafuta mchele, na ndiye aliyenipigia njia nzima; wazazi nao aliwapigia, lakini waliokuwa mbioni hawakupokea. Aliruka kutoka kwenye bodaboda kabla haijasimama, akajitia kati yangu na Karisa, akihema.

"Huyu ni mgeni wangu," akasema. "Huyo mbuzi ni wa watoto. Amekosea kuandika, basi."

Ilichukua muda mapanga kushuka. Mbuzi alichinjwa na Karisa, maana kisu changu hakuna aliyetaka nikishike, nami nikawekwa chini ya ukuta mahali ambapo mikono yangu yote miwili yaonekana. Watoto walirudi mmoja mmoja. Wakila, walinitazama.

Mwisho akatokea mama mmoja, amembeba mwanawe mgongoni, kanga imeraruliwa na miiba, miguu yatoa damu. Alikuwa amekimbia naye mpaka ng'ambo ya mto mkavu, hakusikia kwamba mambo yamekwisha. Nikainuka, nikamwomba radhi, nikaanza kumweleza habari ya ile i.

Akanisikiliza mpaka nikamaliza.

"Mwalimu," akasema, "hiyo i yako mie siijui. Mie najua nina mtoto mmoja."

Tangu siku hiyo situmi ujumbe, hata wa kuagiza chumvi, kabla sijamsomea Zuhura kwa sauti, naye mara nyingine huniambia nirudie.